Sauti Sita, Simu Moja

Jumanne, 4 Februari

Mke mwenzangu Bibi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Najua ukipigiwa simu unasikia nusu, na nusu iliyobaki unajijazia mwenyewe, ndiyo maana nakuandikia. Mwenye gari la mikate atakukabidhi kifurushi hiki mkononi. Ndani kuna simu mpya, na mtandao nimeshauweka.

Ulinicheka niliposema nalipwa kwa kuuliza watu maswali. Ukasema afadhali, maana uliponiita Maswali nikiwa mdogo nilikuwa siambulii hata senti. Sasa nikueleze vizuri. Ofisi yetu inatuma maswali kwa watu mtandaoni, wao wanajibu kwa kubonyeza, na wakubwa wanaamua mambo kufuatana na majibu hayo. Mimi ndiye mchujaji. Kuna mtu mmoja anajibu mara kumi kwa majina kumi. Kuna kijana wa miaka ishirini anajiandika ana sabini. Kuna mwingine anabonyeza ovyo, hata swali hajalisoma. Wote hao nawatoa. Wanaobaki ndio sampuli, na sampuli ikiwa mbovu, uamuzi nao utakuwa mbovu.

Sasa manispaa wametupa kazi. Wanataka wazee wa mtaa wenu waseme kama chumba cha nesi kibaki, au kifungwe na mgonjwa awe anaongea na nesi kwa simu. Shida yetu ni kupata wazee wa kweli. Tafadhali jibu, na wenzako wa benchi la nesi waambie nao wajibu.

Jambo moja. Mwanzoni utaulizwa kama una ndugu anayefanya kazi ya utafiti. Bonyeza "hapana". Ukisema ndiyo wanakutoa hapo hapo. Ni kanuni tu, isikusumbue.

Mke mwenzio,
Maswali


Jumapili, 16 Februari

Mke mwenzangu Maswali,

Marahaba. Miguu ipo, haijanikimbia.

Simu yako imefika. Imenona kuliko mtu aliyeileta. Na hilo neno sampuli usilirudie kwangu. Sampuli ni mkojo unaopelekwa maabara. Mimi ni bibi yako.

Hata hivyo nimejibu, kwa sababu jambo lenyewe si la kuchezea. Unamjua Fundi, jirani yangu wa cherehani. Sukari imemla miguu hadi haisikii kitu. Mwezi uliopita alikanyaga sindano yake mwenyewe, akatembea nayo siku nzima akidhani ni uchovu. Nesi ndiye aliyemvua kiatu akaiona. Sasa hao wakubwa zako wanataka Fundi apige simu aseme nini? Mguu usiosikia haupigi simu.

Nilianza na lile swali lako la ndugu. Nikabonyeza hapana kama ulivyoniagiza. Kidole kilikuwa kizito, nikuambie ukweli. Nimekubeba mgongoni tangu huna jino hata moja, leo naambiwa niseme sina mtu kama wewe. Lakini umesema ni kanuni.

Mbele nikakuta swali linasema, ili tujue kama unasoma kwa makini, chagua jibu la tatu. Nani kamwambia huyo kuwa sisomi? Nina darasa la nne langu, na mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiwaonyesha wengine. Nikachagua la kwanza, ajue mimi si wa kupangiwa.

Mwishoni waliacha nafasi ya kuandika. Nikaandika: "Msitufanye wajinga. Mguu usiosikia haupigi simu."

Uliniambia niwaambie na wenzangu. Wenzangu hawana simu, mama. Fundi ana ile ya tochi, ya Mama Pacha ilitumbukia ndooni, na wale wengine watatu simu zao ni watoto wao, na watoto wako kazini. Kwa hiyo nikawaita wote jikoni kwangu. Tulipomaliza yangu, simu ikasema nimeshajibu. Nikaipa jina la Fundi, ikakubali. Tukaendelea hivyo, mmoja mmoja, wao wanasema na mimi nabonyeza. Fundi akataka maneno yake yawe kama yangu, na wengine wakasema hivyo hivyo, tumalize, jua linazama. Mama Pacha peke yake alianza kuleta yake, eti nesi wa simu hamkeri. Nikamwambia Mama Pacha, hapa si mahali pa kutuharibia. Nikambonyezea, akanyamaza.

Sita, Maswali. Wazee sita wa kweli, hakuna kijana hata mmoja. Waambie wakubwa zako wakikutafutia zawadi wasitafute ndogo.

Mke mwenzio,
Bibi


Jumatatu, 3 Machi

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Asante sana kwa kujisumbua.

Huku salama. Kazi ni nyingi, lakini msimamizi amenisifu mbele ya wenzangu na nimehamishiwa meza ya dirishani. Mama anakusalimu. Nimekuwekea mtandio wa sufu kwa ajili ya baridi ya asubuhi.

Ikitokea umetumiwa maswali tena, kila mtu ajibu kwa simu yake. Haya ya sasa yameshapita, usiyafikirie. Na ukikaa na watu, si lazima kuwasimulia habari za kazi yangu.

Ndimi mjukuu wako


Jumapili, 6 Aprili

Maswali,

Mtandio niliuvaa siku moja. Siku yenyewe nikuhadithie.

Tuliitwa kwenye ukumbi wa shule. Akaja bwana wa manispaa, kijana msafi, viatu vinang'aa kama sufuria ya mke mpya. Akasema chumba cha nesi kitafungwa mwisho wa mwezi. Akasema wameuliza wazee mtandaoni, na wazee wengi wameridhika na nesi wa simu. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Wazee wote walioko ukumbini walikuwa wanaulizana, hao wazee wameulizwa lini.

Nikasimama. Nikasema, "Mwanangu, mimi na wenzangu watano tulijibu, na tulisema kibaki. Majibu yetu yako wapi?"

Akatabasamu. Akasema, "Mama, kulikuwa na majibu sita yaliyotoka simu moja, nyumba moja, maneno ni yale yale. Huo ni mchezo wa matapeli, tunaujua. Yalitupwa."

Nikamwambia, "Tapeli ni nani?"

Hakunijibu mimi, aliujibu ukumbi. Akasema, "Msiwe na wasiwasi, wazee wangu. Aliyechuja majibu haya ni binti hodari, tena mzaliwa wa mtaa huu huu. Mpigieni makofi."

Watu wakapiga makofi, Maswali. Mwenye duka aliyekaa nyuma yangu akanigusa bega kunipongeza kwa kulea vizuri. Na mimi nikapiga. Mikono ilianza kabla akili haijafika. Nimesimama pale na mtandio wako shingoni, nampigia makofi mtu aliyeniita tapeli.

Fundi alikuwa pembeni yangu. Hakupiga. Alinitazama tu, kisha akatazama viatu vyake.

Nauliza swali moja, na wewe ni mtu wa maswali. Ulijua kuwa ni mimi?

Usiniletee habari za mashine. Niambie ulijua au hukujua.

Bibi


Jumanne, 15 Aprili

Bibi,

Shikamoo.

Nilijua.

Mashine iliyaona kwanza, ikayawekea alama nyekundu: simu moja, majibu sita, na wote sita wamekosa swali la jibu la tatu. Msimamizi akaniambia niyafungue niyatazame kwa macho yangu. Nikasoma "Msitufanye wajinga", nikakusikia kabisa, kama umesimama nyuma ya kiti changu. Barua yako nilikuwa nimeipata siku iliyotangulia. Ilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya meza.

Msimamizi alikuwa begani kwangu. Akaniuliza, "Unaonaje?" Ningemwambia huyu ni bibi yangu, angeniuliza imekuwaje bibi yako ameandika hana ndugu kazini. Ningemwambia mimi ndiye niliyemfundisha, yangetupwa ya kwako pamoja na kila jibu nililowahi kulipitisha. Nikamwambia, "Ni mtu mmoja anajifanya sita." Nikafuta. Akanisifu.

Sikukuambia kwa sababu niliona aibu, halafu nikaona siku zinapita, nikadhani hutajua. Nisamehe.

Lakini Bibi, nikisema nusu tu nitakuwa nimekudanganya tena. Maneno yale sikumwambia msimamizi kwa woga peke yake. Niliposoma barua yako nilikuta Mama Pacha alisema lake na wewe ukabonyeza lako. Wale wengine walisema tumalize, jua linazama. Sasa mle ndani kulikuwa na wangapi? Mimi nilifuta majibu sita. Sijui kama yalikuwa ya watu sita.

Mjukuu wako,
Maswali


Jumapili, 11 Mei

Kwako wewe,

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya gunia la mkaa ili isinipande kichwani. Imebidi niitoe, maana niliyotaka kukujibu yalizidi kuongezeka.

Kwanza, Fundi amekatwa kidole cha mguu. Chumba kilifungwa. Alipewa namba ya nesi wa simu, akapiga, akaulizwa anasikia maumivu kiasi gani. Akasema hasikii maumivu. Akaambiwa vizuri, basi apige tena wiki ijayo. Kidonda kilikuwa kwenye unyayo, yeye hawezi kujipinda akakiona, na mimi sikumvua kiatu kwa sababu hakunisemesha tangu siku ya makofi. Harufu ndiyo iliyomwambia mkwe wake.

Sasa ana mguu wenye vidole vinne na cherehani ya kukanyaga. Nenda kakae kwenye meza yako ya dirishani ulifikirie hilo.

Pili. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia. Hawakusema utafanyaje kama nguo yenyewe umeishona wewe. Mwongo ulikuwa unamtafuta kwenye simu za watu, na mwongo wa kwanza katika utafiti wako ni yule uliyemfundisha wewe kubonyeza hapana. Nilikukana kwa sababu uliniomba. Wewe ukanikana bila kuombwa.

Tatu. Umenisomea hesabu ya Mama Pacha. Umekwenda shule ili urudi unifundishe kusikiliza watu. Sawa. Nikaenda kwake nimejaa hasira, nikitaka anipe maneno ya kukupiga nayo. Nikamuuliza, "Mama Pacha, ile siku jikoni kwangu, ulitaka nini hasa?"

Akasema, "Nilitaka nesi wa simu."

Nikasema, "Na presha yako hiyo?"

Akasema, "Dada, kwenye benchi la nesi wewe unakaa kiti cha karibu na mlango. Kila mgonjwa akiingia unasikia, na akitoka unamrudishia maradhi yake kwa sauti, mtaa mzima ujue. Mimi tumbo langu linanisumbua miaka miwili, sijamwambia nesi, nakuogopa wewe. Kwa simu ningejifungia ndani."

Nikamwambia mimi husema kwa kuwahurumia. Akasema anajua. Akanipa maji ya kunywa. Sikuyamaliza.

Hilo ni langu na Mama Pacha, wewe halikuhusu. Nakuandikia ili usije ukasema sikuuliza. Usidhani limekupunguzia lako hata chembe. Mimi nilimkatiza mtu maneno jikoni kwangu, kila mtu akiniona. Wewe ulinikata ulimi gizani, kisha ukanitumia mtandio nijifunge shingo.

Simu na mtandio nimevirudisha kwa huyo huyo mwenye gari la mikate. Chaji imo.

Bibi


Jumatatu, 2 Juni

Bibi,

Shikamoo. Vitu vyako nimevipokea. Nitavitunza tu, si vyangu.

Niliposoma habari ya Fundi nilitoka kazini nikaenda kukaa kwenye ngazi za jengo. Niliporudi nikamwambia msimamizi kila kitu: kwamba wale sita walikuwa wazee wa kweli, kwamba kati yao yuko bibi yangu, kwamba mimi ndiye niliyemwambia akane undugu, na kwamba nilijua.

Hakupaza sauti. Alisema maneno machache tu. Alisema mchujaji akidanganya, hakuna wa kumchuja. Nimesimamishwa kazi, nangoja waamue. Meza ya dirishani amekaa mwingine.

Kuna jambo moja zuri. Walipoyapitia upya majibu mengine, wakakuta wengi wa wale wazee walioridhika si wazee, na baadhi hata si wa mtaa wenu. Na wazee wasio na simu hawakuwemo kabisa. Wewe husema asiyekuwepo na lake halipo. Sasa manispaa wamekubali mtaa uulizwe tena, nyumba kwa nyumba, kwa mdomo. Siahidi kwamba chumba kitafunguliwa. Sina ninachoweza kuahidi sasa.

Atakuja mwanamke mmoja. Simjui na yeye hanijui, wamehakikisha hivyo. Safari hii sikuagizi kitu, Bibi. Mjibu unavyotaka.

Ningependa kuja nyumbani. Kama hutaki kuniona, niambie, nitaelewa.

Maswali


Jumapili, 13 Julai

Maswali,

Marahaba. Kwenye barua zangu mbili za mwisho sikukuandikia marahaba. Shikamoo ikitolewa haiachwi ikining'inia, hata ukiwa umeudhiwa. Kwa hiyo hiyo ni ya leo na ya siku zile.

Mwanamke wa maswali alikuja juzi. Mfupi, kaloa jasho, viatu vyake vimekwisha upande mmoja. Nikampenda kwa viatu. Alitaka pa kukaa penye kivuli awaulize wote, na jiko langu ndilo kubwa. Nikamkaribisha. Akina Fundi wakaja mmoja mmoja.

Akaniambia, "Mama, naomba kila mtu nibaki naye peke yake."

Nikamwambia, "Hilo hunifundishi." Nikachukua kigoda changu nikaenda kukaa kule nyuma, penye kamba za nguo, mahali ambapo hata ukipiga kelele jikoni husikii. Nikakaa huko tangu Mama Pacha alipoingia mpaka wa mwisho alipotoka. Sijawahi kuona nguo zikichukua muda mrefu hivyo kukauka. Mama Pacha alitoka akicheka. Sijui alisema nini na sikumuuliza. Ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, lakini sikumuuliza.

Fundi alikuja na mkongojo. Alipotoka alipita kwangu pale kwenye kamba. Akasimama. Akasema, "Wewe nawe, jua lote hili umekaa hapa kama mwizi wa nguo." Ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu ukumbini. Nikampisha kigoda, akakaa kidogo, akaenda zake.

Halafu ikawa zamu yangu.

Yule mwanamke akaniuliza umri, akaniuliza naishi na nani. Kisha akauliza, "Kuna mtu wa familia yako anayefanya au amewahi kufanya kazi ya utafiti?"

Nilijua linakuja. Nilikuwa nimelifikiria tangu asubuhi pale penye kamba. Nikisema hapana, ataendelea, nitamweleza habari ya sindano na ya kidole, na Fundi atapata sauti moja zaidi. Na ungekuwa uongo mdogo, ambao kidole changu kilishauzoea. Tena nilikuwa na haki ya kuusema. Nikawaza, huyu aliyenitupa, nikimtupa nami leo nani atanilaumu?

Mdomo ukakataa. Nikasema, "Ndiyo. Mjukuu wangu. Nimemlea mimi."

Akanitazama, akaweka kalamu chini. Akasema, "Basi samahani, mama. Kwa kanuni yetu siwezi kukuhoji. Maoni yako hayataingia."

Nikamwambia, "Najua. Ungeacha kuuliza ningekuona mzembe."

Akanywa maji, akaondoka. Wenzangu watano wameingia, kila mmoja na lake. Mimi simo. Mtaa huu mzima, mwenye maneno mengi kuliko wote ni mimi, na ndiye pekee asiyehesabiwa. Wakikifungua chumba, hakitafunguliwa kwa sauti yangu. Wakikiacha kimefungwa, nitakuwa naujua uchungu wake kila Fundi akipita na ule mkongojo.

Usije ukalichukua hilo ukalifanya msamaha. Nimesema wewe ni wangu. Sijasema yamekwisha. Uliijua sauti yangu ukaifuta, na mimi kila nikitaka kucheka na wewe nakumbuka mikono yangu ikipiga makofi. Hilo halifutiki kwa kubonyeza.

Unauliza kama uje. Nyumba ni ya babu yako, siwezi kukufungia. Ila usipige hodi ukaingia kama zamani. Kaa nje ya mlango wa jikoni mpaka nikuite. Sijui itakuwa baada ya muda gani.

Kigoda nimeshakitoa.

Bibi yako